Miezi mitano na T-Satellite: dola 10 zangu zinavyofanya kazi jangwani Nevada

Tangu Septemba 2025 nalipia T-Satellite, ile huduma ya T-Mobile inayotumia setilaiti za Starlink ili simu ya kawaida ipate netiweki mahali pasipo na mnara. Madereva wenzangu wa Dallas na Houston wameniuliza, na juzi kaka mmoja Mkongo niliyekutana naye kwenye kituo cha malori pale Wells ameniuliza, kama kitu hiki kinafanya kazi kweli au ni matangazo tu. Kinafanya kazi. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza kwa nini nimeizuia. Ila kwanza niwaambie nilikotoka, maana mtu anayekaa mjini ni vigumu kuelewa kwa nini meseji ya maneno manne inaweza kumtoa mwanamume machozi.

Mimi ni dereva wa lori. Kwetu ni Mariakani, karibu na mizani, na harufu ya dizeli naijua tangu utotoni. Nimeendesha Mombasa hadi Malaba na Kampala, na kwa miaka miwili nilipeleka chakula cha wakimbizi Kakuma. Huku Marekani huu ni mwaka wangu wa sita. Navuta trela la friji, na mzigo wangu mkubwa ni viazi na mboga zilizogandishwa kutoka Twin Falls, jimbo la Idaho, kushuka hadi Las Vegas.

Njia yenyewe ni barabara ya 93. Unapita Jackpot mpakani, unapita Wells, unafika Ely. Ukitoka Ely wengi wetu tunaiacha 93 kwa muda na kuingia 318 kupitia Lund, kwa sababu inafupisha safari. Ni kama kilomita 180 hadi inapokutana tena na 93 karibu na Hiko. Ukishaipita Lund hakuna kituo cha mafuta wala duka. Kuna milima mbali kushoto, milima mbali kulia, na bonde refu la vichaka vya kijivu katikati. Mchana ni nchi nzuri mno, napenda kuitazama. Usiku unaona taa za gari linalokuja dakika kumi kabla halijakufikia. Na simu, kwa sehemu kubwa ya njia hiyo, ilikuwa inaandika maneno yaleyale: hakuna huduma.

Januari 2025 nilikuwa napanda kutoka Las Vegas kurudi Idaho. Nilikuwa nimejaza mafuta huko chini kwenye joto, na sikutia dawa ya baridi. Kosa lilikuwa langu. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inashikana, inaziba chujio, na injini inakufa kwa kukosa mafuta. Lori likazima kama kilomita 40 kabla ya Lund, saa mbili usiku. Injini ikizima, kebini haikawii kupoa. Nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikajifunika blanketi mbili, nikawasha taa za dharura na kuweka pembetatu barabarani. Nikangoja.

Lori la kwanza lilipita baada ya saa moja na nusu. Dereva, mzee mmoja Mzungu, alisimama, akanipa kahawa ya moto kutoka kwenye chupa yake, akaandika kwenye karatasi namba ya mke wangu na ya kampuni yetu. Akaniahidi kupiga akifika penye netiweki, na alipiga kweli. Msaada ulinifikia karibu na alfajiri. Huyo mzee sijawahi kumwona tena na namwombea mpaka leo.

Lakini kati ya saa mbili usiku na wakati ule mzee alipopiga, nyumbani kwangu hapakukalika. Mke wangu huwa anafuata safari yangu kwenye ramani ya simu, na alama yangu ilikuwa imesimama mahali pamoja. Alipiga, akapiga tena. Kisha akampigia mama Mariakani. Kule ilikuwa saa moja asubuhi, na mama akaita majirani, wakaanza maombi uani. Nilipofika Ely na simu kushika netiweki, meseji ziliingia mfululizo kwa dakika nzima. Ya mwisho ilikuwa ya sauti, kutoka kwa mama. Haikuwa na maneno. Ilikuwa pumzi tu, na kilio.

Kwa hiyo nilipomsikia dereva mwenzangu akisema mwezi wa nane kwamba huduma hii imefunguliwa rasmi, tangu tarehe 23 Julai 2025, sikujadiliana na mtu.

Nilienda duka moja la simu mtaani kwetu, duka nisilolitaja jina. Kijana aliyenihudumia aliniambia kwamba sasa nitatazama mpira hata katikati ya jangwa. Hilo si kweli, na mtu akiwaambia hivyo msimwamini. Nilisikitika kwa sababu wateja wake wengi ni wageni kama sisi, watu wanaonunua kwa kuamini neno la muuzaji. Ukweli wa huduma ni huu: ni dola 10 kwa mwezi, au imo bure ndani ya vifurushi vyao vya juu. Huhitaji kuhama mtandao wako. Mtu wa mtandao mwingine anaweza kuiongeza kama laini ya pili isiyo na kadi, ile inayoingizwa kwenye simu kwa programu. Simu yenyewe iwe ya miaka minne hivi ya karibuni. Yangu ni Samsung Galaxy S24 na haikunisumbua.

Siku ya kwanza nilitoka Ely na mzigo saa nne asubuhi. Baada ya Lund mistari ya netiweki ikapotea kama kawaida. Nikaiweka simu kwenye dashibodi, uso juu, mbele ya kioo. Kama dakika mbili hivi zilipita, kisha alama ya setilaiti ikatokea yenyewe. Sikubonyeza kitu wala sikuinua simu kuilenga mbinguni. Nilipata mahali papana, nikaegesha, nikamwandikia mke wangu: "Nimepita Lund. Niko salama." Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini: "Baba watoto, ni huko huko jangwani unaniandikia?" Nikazima injini, nikakaa kimya kidogo. Ile njia nilikuwa nimeipita mara nyingi, na sikuwahi kuipita nikiwa na mtu.

Nimejitahidi kuelewa kinachotokea, kwa sababu napenda kujua kitu ninachokitegemea. Setilaiti za televisheni tulizozoea ziko karibu kilomita 36,000 juu. Hizi za simu ziko kama kilomita 360 tu, pungufu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Ndiyo maana sauti ndogo ya simu ya mfukoni inazifikia. Lakini kitu kilicho chini hivyo hakiwezi kutulia mahali pamoja angani. Kinakimbia karibu kilomita 27,000 kwa saa na kuizunguka dunia kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa kawaida sisi madereva ndio tunaoukimbia mnara, unabaki nyuma. Hapa mnara ndio unaokukimbia wewe. Moja inapita, nyingine inashika, na ndiyo sababu zimerushwa zaidi ya 650 za kazi hii. Sita za kwanza zilipanda mwanzoni mwa Januari 2024, na siku chache baadaye meseji ya kwanza ikapita. Ndani ya kila setilaiti mna mtambo kama ule unaokaa chini ya mnara, basi simu inaiona kama mnara wa kawaida. Meseji yako inarushwa kwa mwanga wa leza kutoka setilaiti hadi setilaiti, ikashuka kwenye kituo cha ardhini, ikaendelea na safari yake.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini mpira hauwezekani. Mwale mmoja wa setilaiti unafunika eneo kubwa sana la nchi, na wote walio ndani yake wanagawana. Elon Musk mwenyewe, mkuu wa SpaceX, kampuni yenye Starlink, aliandika mwanzoni mwa 2024 kwamba mwale mmoja unabeba kama megabiti 7 kwa sekunde, na kwamba huduma hii haiwezi kushindana na minara. Matangazo yanapenda kusema mawasiliano ya kizazi kipya, lakini kinachokufikia leo ni 4G. Kanuni za kimataifa za kuunganisha 5G na setilaiti zilikamilika 2022, na Septemba 2025 SpaceX ilikubaliana na kampuni ya EchoStar kununua masafa ya redio kwa karibu dola bilioni 17 kwa ajili ya setilaiti za kizazi kijacho. Hayo yakija tutayapokea. Mimi nakadiria kilichopo mkononi.

Kilichopo mkononi kilipimwa vizuri Desemba.

Nilikuwa nashuka na viazi, karibu na Sunnyside kwenye ile 318, jua limeshazama. Tairi la nyuma la trela likapasuka, na lile la pembeni yake likaharibika kwa vipande. Niliegesha, nikaweka pembetatu, nikapanda tena kebini. Alama ya setilaiti ilikuwepo. Nilimwandikia dispacha wetu, yule anayetupangia safari, mahali nilipo, pamoja na namba ya maili iliyo kwenye nguzo ya barabarani, na saizi ya tairi. Akaniomba picha. Picha ilichukua dakika kadhaa kupanda, lakini ilipanda. Baada ya robo saa nikapata jibu kwamba fundi anatoka Ely, na kwamba ghala la Las Vegas limeshaambiwa na limenisogezea saa ya kushusha. Mnaoendesha mnajua maana yake. Sheria inatupa saa 11 za usukani ndani ya saa 14 za kazi, na ile saa haisimami kwa sababu tairi limepasuka. Kama ghala halijui, unafika umechelewa, unapoteza nafasi yako, na unalala nje ya geti na mzigo baridi unaokula dizeli usiku kucha. Safari hii nililala kwa ratiba, nikashusha asubuhi.

Fundi alifika baada ya saa mbili na nusu. Katika zile saa mbili na nusu nilimwandikia mke wangu kwamba ni tairi tu, nina joto, nina chakula. Akampelekea mama habari. Na mama, ambaye kusoma kwake ni kwa taabu kwa sababu ya macho, akanitumia sauti kwa WhatsApp. Tangu Oktoba 2025 huduma hii imeruhusu programu kadhaa kupita kwa setilaiti: WhatsApp, ramani za Google, hali ya hewa ya AccuWeather na nyinginezo. Sauti ile ilinifikia nikiwa nimekaa gizani kwenye barabara ileile ya Januari. "Mwanangu, umekula?" Ndiyo hiyo tu aliyotaka kujua. Niliisikiliza mara nne.

Sasa mipaka yake, na hii muisome vizuri kabla ya kutoa hela. Simu inahitaji kuiona mbingu, na kampuni yenyewe inasema hivyo waziwazi. Kwenye 318, kusini zaidi ya Sunnyside, kuna mahali barabara inapita kati ya kuta za mwamba panaitwa White River Narrows, pazuri sana, kuna michoro ya kale ya watu wa asili maweni. Hapo usitegemee kitu. Mwamba umeziba anga. Hali ni hiyohiyo ndani ya nyumba na chini ya misitu minene. Ukilala nyuma kwenye kitanda cha kebini, simu iache mbele kwenye dashibodi. Na beba chaja, kwa sababu simu inayotafuta setilaiti inamaliza betri upesi kuliko ile iliyo mjini.

Usiiwekee matumaini pia katika jambo la haraka sana. Meseji inaweza kwenda papo hapo, inaweza kungoja setilaiti ijayo ipite. Mwenye haraka ya dakika moja atahangaika. Kwa dharura, meseji ya 911 inapita, na hilo peke yake lina uzito kwa mtu anayepita mahali ambapo hospitali iliyo karibu ni ya Ely. Andika fupi, anza na mahali ulipo, kisha shida.

Nyota niliyoizuia ni ya sauti. Simu ya kawaida ya kupiga namba na kuongea haimo kwenye huduma hii. Watu wetu wengi huko nyumbani ni watu wa sauti. Mama yangu hawezi kufarijiwa na maandishi. Anataka asikie koo langu, ajue kama nina mafua, kama nina huzuni. Meseji ya sauti imetusogeza, nashukuru sana, lakini siku nitakapoweza kumpigia kwa namba yake ya kawaida nikiwa Sunnyside, nitarudi hapa niongeze ile nyota ya tano kwa furaha.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia. Kama una iPhone 14 au mpya zaidi, simu yako tayari ina njia yake ya setilaiti: ya dharura tangu Novemba 2022, na ya meseji za kawaida tangu programu ya iOS 18 ya 2024, hapa Marekani na Kanada. Inatumia setilaiti za Globalstar na hulipi zaidi. Tofauti ni kwamba lazima usimame, uilenge simu mahali inapokuonyesha kwenye skrini, na uishike hivyo. Kwa mtu anayepita jangwani mara moja kwa mwaka hiyo inatosha, aweke dola zake 10 benki. Kwa mimi ninayepita kila wiki, simu inayopokea yenyewe ikiwa kwenye dashibodi ndiyo yenye faida, kwa sababu jambo lenyewe kwangu ni kupatikana. Kutuma ni nusu tu. Wapo pia wanaobeba vile vifaa vya Garmin inReach vinavyotumia setilaiti za Iridium. Ni imara na vya kuaminika sana, lakini kifaa kidogo kama Mini 2 kiliuzwa dola 400 kilipotoka, na malipo ya mwezi yanafuata. Wapanda milima na wavuvi wana sababu ya kukibeba. Dereva wa lori mwenye simu nzuri, sioni.

Kwa anayekaa Dallas mjini na kazi yake ni Dallas mjini, jibu langu ni usinunue. Labda ukiwa sehemu za vimbunga. Kimbunga Helene kilipoiharibu minara ya North Carolina mwishoni mwa Septemba 2024, serikali iliruhusu setilaiti hizi zitumike kwa dharura hata kabla ya leseni kamili, na Januari 2025 zikawashwa tena kwa watu wa Los Angeles wakati wa mioto. Mnara unaweza kuanguka au kukosa umeme. Ulio angani haujui mafuriko.

Ninachokiwaza zaidi kwa sasa ni nyumbani. Desemba 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX ya kuleta huduma kama hii katika nchi zake zote 14, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo, ikianza na meseji na data ya programu chache. Niliposoma habari ile nilifikiria Turkana, zile saa nilizokuwa nabeba mahindi kwenda Kakuma bila mtu kujua niko hai au nimekufa. Nikafikiria mdogo wangu, ambaye sasa ndiye anayeendesha. Njia yake ni Isiolo kwenda Moyale, na akitoka Marsabit kuna vipande ambavyo hata yeye mwenyewe hutuaga kabla hajaviingia: "Haya, tutaongea nikitokea upande wa pili."

Nilimweleza mama habari hii kwa simu, Jumapili. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na huyo mdogo wako, ile simu yake itaweza?" Haitaweza. Ana mulika mwizi, na hii inataka simu ya 4G. Jirani yetu hapa anasafiri Mombasa mwezi ujao. Nimeitoa Samsung yangu ya zamani, nimeifuta kila kitu, nimeichaji, na nimeifunga ndani ya soksi ya sufu katikati ya nguo za watoto, kwenye begi ambalo tayari liko mlangoni.